Sari Hukunjwa na Watu Wawili

“Zuhair, usi—”

Nilichelewa. Mrashi ulishatikiswa, na maji ya waridi kutoka kwao Jabal Akhdar yakaidondokea sari ya bibi yangu, hariri ya Banaras iliyofumwa kwa mkono, aliyokuja nayo kutoka Unguja. Bibi Ghaniya alikuwa ameitandaza sebuleni juu ya shuka ipate hewa. Mchumba wangu, aliyetoka huko mpaka kwetu Ibra, Oman, kuja kuomba radhi yake, akaona heshima ni kuinyunyizia kama anavyonyunyiziwa mgeni. Adabu ilimzidi, maskini.

Hariri na maji havipatani. Madoa yakajitokeza pale pale. Zuhair akaondoka bila ya kula, na kila nikimpigia hapokei. Baada ya magharibi ikaingia meseji:

“Dalal, mwambie bibi anisamehe. Sina uso wa kurudi.”

Nililia. Kwetu hapaolewi mtu bila ya radhi ya bibi, na mimi nampenda Zuhair, sitaki mwengine. Bibi akaninyang’anya simu, akampigia mwenyewe.

“Njoo kesho baada ya alasiri. Nawa mikono, uikaushe sawasawa.”

Akaja, kichwa chini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Shika pindo hili. Dalal, shika lile. Msivute.”

Nilishangaa. Upande wa pili ulikuwa wa babu Hashil. Kila mwaka yeye na bibi wakiifungua na kuikunja upya, maana hariri ikilala sana kwenye mkunjo mmoja hukatika hapo hapo. Tangu babu afariki, bibi huipa hewa tu na kuirudisha kwenye mikunjo ile ile, na kila nikiomba kumsaidia hukataa.

“Bibi, si ulikuwa hutaki niishike?”

“Nikingoja upate wa kushika naye.”

Zuhair akainua kichwa. “Na madoa yangu, bibi?”

“Yakunjeni kwa ndani. Lile pale ni la kahawa ya Hashil, tumeishi nalo umri mzima. Wallahi nilikasirika, sikufichi. Lakini lililoniudhi zaidi ni kukimbia kwako. Ukikosea kwetu, unakaa, unakula, tunagombana. Mwakani mkiikunja, msirudie mkunjo huu.”

“Mwakani?”

“Na kila mwaka, inshallah. Haya sogeeni, mkutanishe pindo.”

Tukasogeleana. Vidole vilipotaka kugusana bibi akakohoa, akajipenyeza katikati, akayapokea mapindo yote mawili.

“Hilo bado,” akasema.

Siku ya hina niliivaa, madoa yamelala ndani, roho yangu nyeupe. Mama mkwe akateremka kutoka Jabal Akhdar na mrashi wake mkononi, anakuja moja kwa moja kuninyunyizia mimi bibi harusi. Bibi Ghaniya akainuka, akaupokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akakaa nao mapajani mpaka shughuli ikaisha.