Bakuli la Mama Jeska

Kila asubuhi Wegesa aliteka maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akashika njia ndefu ya kwenda shule, maana njia fupi haikuwa na habari. Alipita kwa wauza maandazi, akapita kwa fundi baiskeli, na alipofika darasani kwao, darasa la sita, alikuwa anajua nani kahama, nani kagombana na mkewe. Watoto walimzunguka kama redio yenye betri mpya.

Mwaka ule habari kubwa ya Musoma ilikuwa rameni, tambi za supu za Kijapani. Unga wa ngano ulikuwa umeanza kuonekana tena madukani baada ya miaka ya foleni. Dafroza, mama yake Jeska, alikuwa amewapikia miaka minne Wajapani waliochimba visima kule Bunda. Walipoondoka, alifungua hoteli ndogo Mwigobero, karibu na mwalo, pale boti za wavuvi zinapotia nanga. Alikanda unga kwa maji ya magadi, akaukata nyuzi nyembamba, akazitia kwenye supu ya mifupa na dagaa wakavu.

"Tambi na dagaa?" watu walisema. "Huyo mama Wajapani wamemharibu."

Lakini walikwenda. Wakala, na kesho yake wakarudi na shemeji zao.

Jeska na Wegesa walikaa dawati moja. Siku moja Jeska akamwambia, "Leo tukitoka shamba la shule twende kwetu ukaonje. Mama kasema nikulete."

Siku hiyo Mwalimu Apolinary aliwagawia karanga za mbegu, zimepakwa dawa ya rangi ya pinki. "Hizi ni za kupanda," alisema. "Hiyo dawa ni sumu. Atakayezitafuna atakula viboko vitatu mbele ya shule nzima."

Wegesa alipanda chache. Nyingine alizifuta kwenye sketi, akazitafuna akiwa ameinama kama anayefukia. Zilizobaki alizitia mfukoni.

Hotelini Jeska alimpa vijiti viwili vya matete vya kulia. "Vuta kwa sauti. Wajapani wanasemaga ukila kimyakimya mpishi anajua hujaipenda."

Wegesa akavuta, supu ikampanda puani, wakacheka hadi Dafroza akatoka jikoni kuona kuna nini. Wegesa alimaliza nyuzi zote, akanywa supu, akalamba bakuli.

Jioni tumbo likamkata. Alitapika mpaka mama yake akambeba mgongoni kwenda hospitali.

"Umekula nini leo?" nesi akauliza.

Wegesa aliviona viboko vitatu, akaiona shule nzima imesimama inatazama. "Rameni," akasema. "Kwa Mama Jeska."

Kesho yake majirani walikuja kumwona, wakajaa chumba kizima, na Wegesa hakuwahi kuwanyima watu habari. "Zile nyuzi zilikuwa zinajinyonga kwenye bakuli," akawaambia. "Kama minyoo."

Kufika mchana, midomoni mwa watu minyoo hiyo ilikuwa imeota macho. Miaka ile kipindupindu kilikuwa kinatisha, hivyo bwana afya hakusubiri, alitia kufuli mlango wa hoteli. Usiku watu wakaumwagia matumbo ya samaki.

Wegesa alipona kwa siku mbili. Aliporudi darasani alimkuta mwenzao Boniphace ameloweka uzi wa katani kwenye uji, anauning'iniza juu ya kichwa cha Jeska. "Mama yako amesahau kukufungia chakula," akasema. "Kula mnyoo huu."

Darasa likacheka. Wegesa naye akacheka.

Jeska alimgeukia. "Wewe ulilamba bakuli," akasema polepole.

Wegesa akachukua madaftari yake, akahamia dawati lingine. Wiki iliyofuata Jeska hakuja shule. Alionekana mwaloni akiwageuza dagaa wa watu juani, ili nyumbani kwao papatikane chakula.

Zile karanga zilizobaki Wegesa alikuwa amezifukia nyuma ya jiko. Mvua iliponyesha zikafunuka. Kuku wa mama yake, mwenye vifaranga tisa, akachakura, akala, akafa. Mama alimpasua ajue kilichomuua. Firigisi ilikuwa imejaa karanga za pinki.

Akamwita Wegesa, akamwonyesha. "Hizi zimetoka wapi?"

Wegesa alilia, kisha akasema yote.

Mama hakumpiga. Alifunga zile karanga kwenye gazeti, wakaenda kwa bwana afya, na bwana afya akafungua kufuli. Wegesa alidhani yamekwisha. Jumamosi, mwalo ulipojaa watu wa boti na wachuuzi wa dagaa, mama alimshika mkono hadi mlangoni kwa Dafroza.

"Watu wangu," mama akaita, "huyu alikuwaga na habari za kuwapa. Leo anayo nyingine."

Wegesa akasema alivyoiba mbegu, alivyougua na alivyodanganya. Sauti ilipopungua, mama alimwambia aanze tena, kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Watu waliowahi kuja kumpa pole sasa walimcheka. Boniphace alisimama mbele kabisa, akicheka kuliko wote.

"Sasa keti ule," mama akasema.

Dafroza alimwekea bakuli bila kumsalimu. Wegesa akavuta uzi mmoja mmoja, umati wote ukimwangalia mdomo, machozi yakidondoka kwenye supu.

Dafroza akasema, "Ulikuwa unaogopa viboko vitatu, mwanangu. Ukaona afadhali tuchapwe sisi. Tumechapwa siku kumi na tisa. Siku nyingine ukikosea, pokea adhabu yako ikiwa bado ndogo. Ukimpa mwenzako akubebee, inakua." Kisha akawageukia watu. "Na ninyi mlioona minyoo, nani kati yenu aliwahi kula hapa akaugua?"

Mvuvi mmoja alivuta benchi, akaagiza. Wawili wakamfuata.

Jeska alipita akikusanya vyombo, mikono yake inanuka dagaa. Wegesa alimsogezea bakuli. "Jumatatu utakuja shule?" akamnong'oneza. "Tukae wote?"

"Shule nitakuja." Jeska alilitazama bakuli, akalirudisha mbele ya Wegesa. "Umebakiza. Maliza."

Wegesa akainama, akamaliza.