Panya wa Stoo

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwenye duka la kuchapa karatasi, na nilikuwa na haraka. Mhariri alitaka hadithi yangu ya mwisho asubuhi, tena kwenye karatasi, maana macho yake na kompyuta hayaelewani. Kitabu kizima nimekichota kwenye kazi yangu ya zamani, miaka ishirini na sita ya ustawi wa watoto. Hii ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Nilipomsimulia kwa simu, alilia.

Ni hadithi ya binti wa miaka saba aliyefungiwa stoo na shangazi yake, akidaiwa kuwa mchawi. Afisa wa ustawi anafika, anasikia mtoto akigonga, anavunja kufuli kwa jiwe na kumtoa akiwa amembeba mgongoni.

Afisa huyo ni mimi. Kufuli sikuvunja.

"Kurasa tisa, mama mwandishi," alisema dada wa duka. "Ila ya tisa imetoka nyeupe. Wino upo. Ngoja nirudie."

Akarudia.

Nyeupe.

Alinigeuzia kompyuta. Maneno yangu yalikuwepo yote, jiwe, kufuli, mgongo. Aliipiga mashine kofi kidogo, akabonyeza tena. Karatasi ikaanza kutoka polepole... na pamoja nayo harufu. Harufu ya nguo za mtoto zilizokaukiwa na mkojo.

Katikati ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja: *Mtoto ameonwa ana kwa ana?* Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Vyote vitupu.

"Hii fomu ya wapi tena?" aliuliza dada.

Niliijua vizuri. Ni swali la kwanza kwenye fomu ya ziara ya nyumbani. Ofisini kwetu wengi tuliijaza tukiwa bado kwenye benchi, kabla hata ya kutoka, kwa sababu bosi alikagua fomu, hakukagua watoto. Siku ile mimi angalau nilifika sebuleni. Shangazi mtu alinipa kiti chenye mto, akaniambia mtoto amelala. Ndipo nikasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Panya hao," alisema shangazi.

Nyuma ya kule kugonga kulikuwa na sauti ndogo, inanong'ona. "Madamu..." Kazini wote waliniita hivyo. Niliisikia, wala sitajificha tena nyuma ya umri na masikio. Na kuna jambo sikumwambia hata marehemu mume wangu: nilimwogopa yule mtoto. Mimi, niliyezunguka na semina nikiwakemea watu waache imani za uchawi, nywele zilinisimama, nikawaza, je kama ni kweli? Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Nikaandika *ana afya njema*. Nikaaga kwa adabu.

Siku ya sita majirani walivunja mlango wenyewe. Mazikoni sikwenda. Nilisema nina homa.

Nilikuwa bado nimeishika ile karatasi, dada akizima mashine, niliposikia kwenye stoo ya duka, nyuma ya rafu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Dada hakuinua hata kichwa. "Panya hao, mama. Wanapenda karatasi."

Mlango ule haukuwa na kufuli, ni komeo tu. Neno moja lingetosha. Fungua. Nililihisi kabisa kwenye ulimi.

"Wasumbufu kweli," nikasema. Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka mbio kama mwizi.

Nyumbani mjukuu wangu alikuwa mezani anachora. Naye ana miaka saba. Kwake mimi ni Bibi, na kwa majirani ni Mama. Jina la Madamu nililiacha ofisini siku niliyostaafu, na hapa hakuna anayelijua.

Nilikaa karibu naye, nikaiweka karatasi mbele yangu. Basi, nikajiambia, sema kweli mara moja katika maisha yako. Nikashika kalamu, nikaweka alama kwenye Hapana. Nikapumua. Aibu yenyewe ndiyo hiyo, kwamba nilijisikia mwepesi upesi hivyo, nikaanza hata kufikiria chakula.

Ngo. Ngo. Ngo.

Stoo yangu. Ndani mna ndoo, fagio na mabegi ya nguo kuukuu.

Mjukuu wangu aliacha kuchora. "Bibi, nini hicho?"

"Panya." Lilitoka lenyewe, kwa sauti ileile ya shangazi.

Akainamisha kichwa, anasikiliza.

"Mbona anasema Madamu?"

Harufu ilikuwa imeshaingia chumbani. Mtoto akateremka kwenye kiti. "Nimfungulie?"

Kutoka pale mezani hadi stoo ni hatua nne. Nilimshika mkono mjukuu wangu, nikamrudisha kwenye kiti, nikamwambia amalizie picha yake. Akakaa, akaugeukia mlango. Ni mtoto mtiifu, tumemlea vizuri.

"Bibi anasema wewe ni panya," akamwambia aliyekuwa ndani.

Kugonga kukakoma.