Mogire Alichelewa Kupimwa

Asubuhi moja mwaka 1974, huko Nyamira, Mogire alisimama kando ya barabara ameshika kamba ya ng'ombe wake wa gredi, wa maziwa mengi. Alimngoja daktari wa ng'ombe aje kumpandisha kwa sindano ya mbegu za dume. Nesi Persis, jirani yake, akapita na mwavuli wake mweusi akienda zahanati.

"Mogire mwanangu, huyu hajashika mimba bado?"

"Mara ya tatu hii, mama. Leo nitamuuliza daktari kama mbegu anazoleta ni nzima."

"Loo! Ng'ombe unamtetea. Bathsheba ulimtetea?"

Mogire aliinamisha kichwa. Bathsheba, mke wake wa kwanza, alikaa naye miaka tisa bila mtoto. Alinyweshwa dawa chungu za mizizi, akaitwa tasa, mwisho akarudishwa kwao Suneka na sanduku lake la bati. Mogire akamwoa Mokeira. Sasa ni mwaka wa nne, na nyumba bado kimya.

"Mimi ni mwanamume kamili," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani amekataa? Mwenye nguvu pia huwa na mbegu chache, au zisizokwenda mbio. Haionekani kwa macho. Inapimwa. Nendeni wote wawili."

Wakaenda hospitali. Mokeira alikuwa mzima. Mbegu za Mogire zilikuwa chache.

Persis akawaeleza polepole. "Kuna daktari Nairobi. Huchukua mbegu za mume mwenyewe, akazitia kwa mrija mwembamba ndani ya tumbo la uzazi, siku yai la mke limekomaa. Zinafupishiwa safari. Lakini mirija ya uzazi ya mke iwe wazi, na mbegu zisiwe zimekwisha kabisa. Tena si lazima ishike mara ya kwanza."

"Kama ng'ombe wangu," Mogire akasema.

Mokeira akampiga kofi begani. "Mimi usinifunge kamba!"

Wakaenda Nairobi, na mimba ikashika mara ya nne. Akazaliwa Nyamoita.

Baadaye, sokoni Suneka, Mogire alimkuta Bathsheba akiuza ndizi. Alikuwa ameolewa tena. Watoto wake wawili walishika leso aliyojifunga.

"Nisamehe," Mogire akasema. "Shida ilikuwa kwangu."

Bathsheba aliendelea kupanga ndizi. "Miaka tisa nilikunywa dawa, Mogire. Wewe ulitakiwa kupimwa tu."

Baadaye Thadeus, ndugu mdogo wa Mogire, alipoanza kulalamika kwamba mkewe hazai, Mogire alimtoa shambani akiwa na gambuti zake, viatu vya mpira vilivyojaa matope, akamtangulia njia ya zahanati.

"Wewe kwanza," alimwambia.