Kitabu cha Mapishi

— Shemeji, shuka upokee. Dada kasema hiki ni chako.

Muuza vitabu alikuwa juu ya ngazi, akiteremsha vitabu vya nyota, ndoto na majini. Duka aliloachiwa na baba yake lilikuwa linafungwa. Siku hizi watu huulizia nyota zao kwenye simu. Akashuka. Mdogo wa mke wake alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi ya chai.

— Nakijua! Siku ya kwanza kuja hapa alinunua hiki. Kitabu cha limbwata! Miaka ishirini na mitano nalishwa dawa, nikidhani napenda.

Mwezi uliopita, biashara ilipomfia, alimwita mke wake mchawi mbele ya majirani, akamfukuza.

— Dada aliomba kitabu cha mapishi.

— Ndiyo lugha ya duka hili! Tangu enzi za baba, mteja mwenye haya husema "mapishi", nasi tunamfungia limbwata kwenye gazeti asiaibike.

— Yeye angeijuaje lugha yenu? Dada alikuwa akichemsha maji yanaungua, shemeji! Alitaka mapishi ya kweli.

— Na alipofungua akakuta nini?

— Tazama uzi.

Akatazama. Fundo la baba yake, la kupindwa mara tatu, wasilolijua watu wengine. Halijaguswa.

— Kwa nini hakufungua?

— Alisema ulilifunga taratibu, kama unamvisha mtoto viatu. Akaona vibaya kulifungua.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akaandika: "Mke wangu, nimeliona fundo. Nisamehe, rudi nyumbani."

Jibu likaja: "Nilikusamehe siku ileile. Lakini kumbe miaka yote ulikuwa unakula chakula changu kwa mashaka. Siwezi tena kukupakulia. Usilale na njaa."

Akalisoma mara mbili. Machozi yakadondokea kioo cha simu.

— Shemeji, akanong'ona yule mdogo mtu, humu si vimejaa vitabu vya kumrudisha aliyeondoka?

— Havifanyi kazi. Baba aliniambia tangu nikiwa mtoto.

— Kumbe ulijua.

Hakumlaumu zaidi. Alimfutia vumbi kiti, akamketisha, kisha akainua boksi moja la vitabu na kulitoa nje. Akarudi kuchukua la pili. Muuza vitabu alibaki na kifurushi mapajani, kidole kikipapasa fundo, asithubutu kulifungua.