Jozi Saba Mlangoni

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nane Juni, saa kumi na moja na dakika ishirini za jioni, Steinvör alipohesabu viatu vya wageni mlangoni akapata jozi saba.

Wageni walikuwa wanane. Kaka yake Hálfdan alikuwa amewapeleka kwenye majabali wanakoishi ndege wa baharini, ukungu ukawarudisha mapema. Katika nyumba yao ya wageni, kama katika kila nyumba ya Aisilandi, hakuna anayevuka ukumbi na viatu miguuni. Steinvör akahesabu upya, akigusa kila kisigino. Saba.

Akamfuata Hálfdan jikoni. "Kaka, wamerudi wote?"

"Wote wanane. Nimewahesabu mezani. Wewe na hesabu zako, ipo siku utahesabu mpaka ndege."

"Mezani? Si kule juu?"

Hálfdan akajikuna shingo. "Ukungu ulikuwa mzito. Otmar alibaki nyuma, yule hutembea kama anakwenda msibani. Lakini si alifika? Si wewe uliyemfungulia?"

Kweli, ndiye aliyemfungulia. Mlango haukuwa na kufuli, hata hivyo uligongwa, tena mara moja tu. Bibi yao, Ragnheiður, hakuwahi kufungua mlango uliogongwa mara moja. Binadamu hugonga mara tatu, alikuwa akisema. Anayegonga mara moja ametoka baharini. Lakini watalii hugonga wanavyotaka, na Steinvör alikuwa ameacha kujali.

Akapeleka supu ya kondoo mezani. Jana mvuke wa supu ulifunika miwani ya Otmar, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, akacheka na kuifuta kwa sweta. Leo mvuke ulimpanda usoni na vioo vikabaki vikavu.

"Umechoka, Otmar?"

"Umechoka," akajibu.

"Kuna mwenzenu aliyebaki juu?"

"Aliyebaki juu."

Steinvör akaangusha kijiko makusudi, akainama, na chini ya meza, katikati ya soksi za sufu za wale wengine, akaona miguu mitupu iliyovimba, myeupe kama samaki aliyekaa sana majini, ikitoa maji taratibu, maji yasiyokoma, yenye harufu ya mwani uliooza, yakitambaa kwenye mbao kuelekea vidole vyake yeye.

Jikoni bibi alimsikiliza, kisha akaweka chini sindano za kufumia. "Aligonga mara ngapi?"

"Moja, bibi."

"Basi Otmar mwenyewe bado yuko majabalini."

"Nikiwaita waokoaji niwaambie nini?" Hálfdan akanong'ona. "Kwamba tunayemtafuta yuko hapa anakunywa supu?"

"Hajaigusa," alisema Steinvör.

"Wakipanda bure, nani ataniamini tena na wageni?"

"Na wasipopanda?"

Steinvör akachukua simu mwenyewe. "Walitoka wanane," alisema, huku kichwa cha nane kikimgeukia polepole kupitia mlango uliokuwa wazi, "wamerudi saba."

Waokoaji walimpata Otmar saa tatu usiku, jua la Juni la kaskazini likiwa bado juu ya maji, kwenye ukingo mwembamba wa jabali, mguu umevunjika, yu hai. Habari ilipofika, kile kiti mezani kilikuwa kitupu na kimelowa. Hakuna aliyemwona mtu akitoka.

"Kuna mtu alikuja kukaa nami ukunguni," Otmar alimwambia Hálfdan kabla ya kupelekwa hospitali. "Mpole sana. Alitaka tu kujua nimelala chumba cha ngapi."

Asubuhi yake, saa moja kasoro tano, Steinvör alihesabu viatu. Saba, kama ilivyostahili. Akaandika kwenye ubao, kwa lugha nne, kwamba mgeni agonge mara tatu, akatoka na soksi tu miguuni kuupigilia nje ya mlango. Alipomaliza msumari wa mwisho, mlango wa chumba cha nne, chumba cha Otmar, ukagongwa mara moja, kwa ndani.

Akasimama na nyundo mkononi, akisubiri ugongwe mara ya pili.