Mbwa wa Shimo la Mchanga

Hebu nambie, bila ya kujitia: ukisikia mbwa analia kama anayechunwa, hufungua dirisha au hulifunga?

Hulifunga. Usinidanganye. Sote tunalifunga, halafu asubuhi tunaulizana habari za mvua.

Mimi nililifunga mwaka mzima.

Jumapili nnayotaka kukusimulia nilitoka Darajani, duka la dawa, na chupa ya dawa ya homa mkobani. Ilikuwa ya Salhiya, binti wa ndugu yangu Gharib. Miaka sita, maneno ya mtu wa sitini. Siku ya nne hiyo hajanyanyuka wala hajasema. Hospitali walimpima damu, walimpima mkojo, walipima kila kinachopimika. Hawakuona kitu.

Nilipofika kwao Kikwajuni jua lilikuwa lishapoa. Wifi yangu Mwanaasha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, pindo la kanga mdomoni. 

"Tazama," akaninong'oneza.

Akafunua bega la mtoto.

Matundu manne. Mawili juu, mawili chini. Mabichi, na nyama imevimba pembezoni.

"Lini?"

"Baada ya alasiri, sasa hivi. Nlikuwa nimelala naye hapahapa. Mlango nimeufunga kwa ndani, wifi. Na komeo nimetia."

"Panya buku," nikasema. Nasomesha baiolojia mie. Kwangu kila kitu kina panya wake.

Mwanaasha akaweka kiganja chake juu ya yale matundu. Kiganja kizima kilienea baina ya jino na jino.

"Na hili la Jumapili iliyopita, panya?" Akavuta shuka. Paja. "Na hili la Jumapili ya nyuma yake?" Sikio, limechanika nchani.

Nilikuwa nimeyaona yote. Nilikuwa nimeyapa na majina: msumari, jipu, michezo ya watoto.

Chumba kilinuka... si ugonjwa. Manyoya yaliyorowa.

"Gharib yuko wapi?"

"Kasema yuko kazini. Simu hapokei. Nenda kamlete, wifi. Mwambie mwanawe anakwenda."

Barazani palikuwa na wanaume watatu wanacheza karata. Nikawatolea salamu, nikawauliza.

"Gharib? Hatujamuona, Mwalimu," akasema wa kwanza.

"Tangu Ijumaa hatujamuona," akadakia wa pili, kama kwamba aliulizwa ushahidi mahakamani.

Wa tatu akabamiza karata yake. "Siku za Jumapili hawaonekani wengi."

Wakacheka kidogo, puani.

"Shimo la mchanga, siyo?" nikasema.

Kicheko kikakatika. "Pale si pahala pa mwanamke, Mwalimu."

"Ni pahala pa nani?"

Wakarudi kwenye karata zao.

Unaona? Wote walijua. Na mimi nilijua. Gharib alikuwa akirudi kila Jumapili mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myeupe, inanuka udongo. Mkewe akidhani anajenga. Lakini mimi nilisoma chuo cha Kurani hata hayo: mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilimwangalia ndugu yangu anavyonuka udongo, nikasema moyoni, mtu mzima huyu, ataulizwa nini? Nikamtilia chai.

Nilitia ufunguo kwenye vespa yangu. Nusu saa kwa njia ya Matemwe, kisha ukaiacha lami ukashika njia ya malori. Huko wachimba mchanga walishaondoka zamani. Waliacha mashimo tu, marefu kuliko nyumba.

Jua lilizama niko njiani. Nilizima pikipiki mbali kidogo, nikasikiliza. Nilitegemea makelele. Mbwa. Wanaume.

Kimya.

Nikapita migomba miwili mitatu, nikatokea kwenye ukingo wa shimo.

Walikuwa wanasali.

Watu wapata arubaini, safu tatu zimenyooka, viatu nyuma. Kando yao madumu ya maji na fungu la udongo mwekundu, uliochekechwa vizuri. Mbele kasimama Borafya, yule muuza mchanga aliyeanzisha mchezo huu wa kupiganisha mbwa, anawasalisha magharibi. Kisomo chake kizuri, sitamsingizia. Nakwambia, wanaume wale wanaijua fiqhi ya mate ya mbwa kuliko mashekhe. Damu ya mbwa yenyewe, aliyeitoa ni nani na kwa nini, hiyo hakuna aliyeiulizia hukumu.

Nikapata nafasi. Nikateremka shimoni kwa ngazi iliyochongwa kwenye ukuta wa mchanga.

Mbwa wawili, kila mmoja na kigingi chake. Upande wa mbali dume jeusi, limelala, linajilamba. Upande wangu jike la rangi ya kahawia, mbavu nje, hirizi nyeusi shingoni.

Nikawasha tochi ya simu.

Sikio limechanika nchani.

Paja.

Bega... Matundu manne. Mawili juu, mawili chini.

Simu ikatetema mkononi, nusura niitupe. Mwanaasha.

"Wifi, umemuona?"

"Bado," nikanong'ona. "Salhiya vipi?"

Yule jike akainua kichwa.

Nikasema moyoni, sadfa tu. Mbwa husikia sauti tu. Hata darasani ndivyo ninavyofundisha.

"Salhiya," nikaita, polepole.

Mkia. Mara mbili, mchangani.

Na kwenye simu, mbali, nyuma ya pumzi za mamake, ikatoka sauti kavu ambayo siku nne haijasema neno:

"Abee, shangazi."

"Nani kamwita?" Mwanaasha akapiga ukelele. "Wifi! Nani kamwita mwanangu?"

Juu yangu Borafya alikuwa anatoa salamu. Kulia. Kisha kushoto.

Halafu viatu, vikohozi, tochi. Shimo likazungukwa na nyuso.

"Mwalimu!" Borafya akaniangalia kutoka juu, mikono kiunoni. "Umekuja kutusomesha viungo vya mbwa?"

Wakacheka. Nikamuona Gharib katikati yao, yeye hakucheka. Akateremka mbiombio, akanishika mkono.

"Dada, ondoka hapa."

"Mfungue huyu tuondoke sote. Mwanao ana meno begani."

Hakuuliza meno gani. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko yote. Akatazama chini.

"Pambano moja limebaki," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hajashindwa hata siku moja. Akishinda leo namwacha. Wallahi namwacha."

"Gharib, yule mtoto anakufa!"

"Akishinda hafi," akasema.

Borafya alikuwa ashachoka. "Gharib, mtoe dada yako ama mtoe mbwa wako. Ukimtoa mbwa, kashindwa. Na desturi yetu unaijua."

Gharib akatazama ule mchanga. Kisha akanitoa mimi. Yeye na wengine wawili, kwa mabega ya baibui, kama mzigo. Wakaniweka ukingoni na mtu wa kunizuia.

Sitakusimulia pambano. Wapo wanaopenda kusimulia, waulize wao. Nitakwambia sauti tu. Minyororo. Mchanga unakwaruzwa. Wanaume arubaini wanapumua kwa mdomo. Kisha kitu kama nguo mbichi inayochanwa.

Halikuchukua muda. Dume lilimshika koo, likatulia pale. Halikutikisa hata kichwa. Lilisubiri tu.

Simu ilikuwa bado i wazi mkononi mwangu. Ndani yake Mwanaasha alikuwa akisoma Yasini, anarukaruka aya.

"Basi!" akasema Borafya. Dume likaondoshwa. Jike likabaki limelala ubavu, jicho moja linanitazama. Mbavu zinapanda. Zinashuka. Zinapanda.

"Yu hai," nikasema.

"Aliyeshindwa hubaki shimoni," akasema Borafya, kama mtu anayetaja bei ya tripu ya mchanga. "Leteni makoleo."

Wakaleta. Wakaanza kumfukia vivyo hivyo, anapumua. Miguu. Mbavu. Shingo. Na hakuna hata mmoja aliyegeuza uso. Mle mlikuwa na baba za wanafunzi wangu. Mlikuwa na bwana harusi niliyekula biriani yake mwezi mmoja nyuma. Gharib alikuwa amesimama palepale mikono inaning'inia, anatazama kichwa cha mbwa kinavyopotea.

Koleo.

Koleo.

"Wifi..." Sauti ya Mwanaasha ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu anayelia. "Wifi, anakohoa. Anatema kitu."

"Anatema nini?"

"Mchanga."

Sijui niliponyokaje. Najua nilianguka kwa magoti ndani ya shimo na nilikuwa nafukua kwa kucha. Mchanga ulikuwa na joto. Nilipopata kinywa nikakisafisha kwa vidole, nikavuta ulimi nje, damu na mate mpaka viwikoni. Akavuta pumzi moja, ndefu, yenye mluzi.

Na simuni mtoto naye akavuta.

Niliposimama naye kifuani, wale wenye makoleo wakanipisha. Si kwa huruma. Nilikuwa nimerowa mate ya mbwa mwili mzima. Kunigusa kungewapasa kuosha mara saba upya, na madumu yalikuwa yamekwisha maji.

Nikamfunga kwa baibui langu. Gharib akapanda nyuma ya vespa, akampakata. Njiani, mara moja tu, nikasikia nyuma yangu anambembeleza, kwa ile sauti anayomlazia mwanawe. Nikaongeza mwendo nisiisikie.

Kikwajuni watu walikuwa wanatoka msikitini, isha imekwisha. Walipoona kilichomo katika baibui, mtaa mzima ukapata ndimi.

"Astaghfirullah! Mbwa ndani ya nyumba?"

"Mwalimu, umepagawa? Malaika hawaingii penye mbwa!"

Mkali kuliko wote alikuwa mcheza karata, yule wa tatu.

"Walikuwa na mwaka mzima wa kuingia," nikamwambia. "Nipishe."

Nilimlaza jike juu ya mkeka, chini ya kitanda cha Salhiya. Mwanaasha hakupiga kelele. Aliliangalia lile sikio, kisha akaliangalia la mwanawe, kisha akakaa sakafuni baina yao, kama mtu aliyeambiwa achague.

Shingo ya mtoto ilikuwa imevilia damu, nyeusi, pande zote mbili. Midomoni chembe za mchanga.

Nikahesabu pumzi. Ndivyo nilivyofundishwa: usipoelewa kitu, hesabu. Mbwa akivuta, mtoto anavuta. Mbwa akikwama, mtoto anakwama. Nikajiambia homa kali ina kasi yake, mnyama aliyetokwa na damu ana kasi yake, na mbili hizo hukutana. Nikajiambia Mwanaasha alimlaza mtoto kichwa dirishani, upepo ukaleta mchanga. Nilijiambia mengi. Bado najiambia.

Pumzi zilikuwa zinapungua. Kwa mmoja, na kwa mwenziwe.

Ile hirizi ilikuwa imemkaza mbwa kooni, imelowa na kuvimba. Nikachukua mkasi wa cherehani ya Mwanaasha nipate kumpa nafasi ya kuvuta hewa.

"Usikate!"

Gharib. Tangu kuingia alikuwa amesimama mlangoni, hajauvuka.

"Usikate, dada. Ukikata wanakwenda wote wawili. Alinambia."

Mwanaasha akageuza kichwa taratibu.

"Nani alikwambia?"

Nje watu walikuwa bado wanatoa fatwa.

"Gharib," akasema Mwanaasha. "Nani alikwambia nini?"

"Mganga," akasema. "Wa shamba. Borafya ndiye aliyenipeleka." Akajifuta uso kwa mkono. "Nilitaka mbwa asiyeshindwa. Akanambia nimtajie jina la mpiganaji na jina la mamake. Nikamwambia mbwa yule nimemuokota jaani, hana jina, mamake simjui. Akasema bila majina mawili kazi haishiki. Akasema... nitaje la mtu ninayempenda, ndiyo lenye nguvu."

Mbwa akavuta pumzi. Mtoto akavuta.

"Nikasema Salhiya binti Mwanaasha."

Nilidhani Mwanaasha atamrukia. Hakuinuka. Alimshika mwanawe mguu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili, bila ya kuutazama, aliuweka juu ya mbavu za mbwa.

"Hukujua," akasema. Hakuwa anamuuliza. Alikuwa anamuomba. "Alikudanganya yule. Hukujua itakuwa hivi. Sema hukujua, Gharib. Nambie tu hukujua."

Gharib akaniangalia mimi, kama zamani tulipokuwa wadogo amevunja kitu na anataka nimsemee.

Sikumsemea.

"Nlijua," akasema. "Tangu pambano la tatu, lile la sikio. Nlirudi nikamkuta hivi hivi, damu kwenye mto wa kulalia, wewe unamfuta. Nikajua. Na Jumapili ya pili yake nikampeleka tena."