Gatesi Alipoacha Kucheka

Kila Jumatatu Libérata hupanda hadi soko la Kanama kununua maharagwe, kisha huyavusha mpaka wa Kongo na kuyauza Goma. Bintiye Gatesi, mwenye miaka kumi na sita, hubaki na babake nyumbani Nengo, upande wa Rwanda. Gatesi alizaliwa na chembe za urithi zilizozidi. Madaktari huiita hali ya Down. Kujifunza kwake ni polepole, lakini kwa kucheka hakuna aliyemshinda mtaani.

Sasa miezi miwili imepita hacheki. Usingizi haumjii. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Hata maneno aliyoyajua yanampotea moja moja. Kutwa anakaa mlangoni na kung'oa nyusi zake.

"Iko hivyo tangu kuzaliwa," alisema Protais, mume wa Libérata. "Kichwa yake inachoka. Tutafanya nini?"

Libérata aliona mtoto anampotea huku anamtazama.

Siku moja jirani yao Uwamahoro alikuja kununua maharagwe. Alikulia Tanzania, na sasa ni muuguzi wa afya ya akili. Alimwona Gatesi, akasahau maharagwe.

"Mama Belise," alisema, akimwita Libérata kwa jina la binti yake mkubwa, "mtoto huyu anaumwa."

"Si ni ile hali yake?"

"Mwaka jana alikuwa hivi?"

"Mwaka jana! Kwenye harusi ya Desemba si alicheza mpaka bibi harusi akasahauliwa?"

"Basi hali ya Down haikuanza juzi. Kilichoanza juzi ni kitu kingine. Ubongo wa mtoto kama huyu hukua kwa njia yake tangu tumboni. Kwa hiyo huzuni na hofu humshika upesi kuliko wengine, hasa anapopevuka. Hana maneno ya kueleza, basi hunyamaza. Nasi tunasema ndivyo alivyo, tunamwacha na ugonjwa wake."

"Ni wazimu?" Libérata aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni ugonjwa, na una tiba. Mlete kliniki kesho. Tutapima na damu, maana tezi ya shingo ikilegea huleta dalili kama hizi."

Libérata na Protais walimpeleka pamoja. Damu haikuonyesha kasoro. Ndipo Uwamahoro akauliza, "Nani amehama nyumbani?"

"Belise, dada yake. Baada ya harusi yake ile ya Desemba alienda kwa mumewe Goma."

"Gatesi mlimwambia nini?"

Protais alikohoa. "Tulisema atarudi kesho. Tulijua hataelewa."

"Mlimwambia mara ngapi?"

"Kila siku."

"Basi kila siku amengoja," alisema Uwamahoro.

Jumamosi walivuka mpaka wote watatu, wazazi na Gatesi. Belise alipofungua mlango, Gatesi alimpiga kifuani kwa ngumi mbili.

"Uliondoka!"

Lilikuwa neno lake la kwanza wiki ile. Alilia sana. Protais alimshika mikono.

"Mwanangu, tulikudanganya. Belise anakaa hapa sasa. Hatarudi kulala kwetu. Tutakuja kila Jumamosi."

Gatesi alimtazama. Kisha akaomba chakula.

Uwamahoro aliendelea kumwona kila wiki. Walizungumza kwa picha. Nyumbani alilala saa ile ile, akapewa kazi yake ya kupika. Kama asingepata nafuu, daktari angemwongezea dawa. Haikuhitajika.

Juzi mteja wa maharagwe alimtazama Gatesi akipika jikoni, akasema, "Pole, Mama Belise. Batoto ya namna hii ndiyo iko hivi."

"Iko namna gani?" Libérata aliwaka. "Huyu ni mutoto wa kucheka! Akinyamaza wiki mbili, anaumwa, na mi nampeleka kwa muuguzi!"

"Mama!" Gatesi aliita kutoka jikoni. "Wacha makelele! Njoo uonje maharagwe yangu!"